Gari Lililozibiwa Njia

Nilimwahidi mzee mmoja wa Mtoni kwamba gari lake sitalikata. Nilisema hivyo nikiwa nimesimama, mkono wangu wa kulia umefunikwa na mikono yake miwili, mbele ya binti yake aliyekuwa ameketi kizingitini akichambua mchele. Binti yule aliposikia neno langu aliacha kuchambua, akanitazama, kisha akaendelea. Nilidhani ananipima kama mnunuzi: kijana huyu ana uwezo, au ana maneno tu? Sikujua kwamba alikuwa amechoka, na kwamba kwa sentensi moja nilikuwa nimemwahirishia jambo alilolisubiri kwa muda mrefu.

Mimi ni mwalimu wa ufundi wa magari katika chuo kimoja cha hapa jijini. Nimepanga chumba Sinza, nina kiwanja kidogo Madale ambacho hadi leo kina msingi na nyasi, na nina imani moja ambayo wenzangu ofisini hunitania nayo: kwamba mtu anayejua kukirudishia uhai kitu kilichotupwa hawezi kuwa mtu mbaya kabisa. Imani hiyo niliipata nikiwa mwanafunzi, na nimetoka nayo mpaka kazini kama mtu anayebeba mwavuli wakati wa kiangazi.

Mtoni nilifika kwa kazi. Wanafunzi wetu wanapokwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, sisi walimu huwafuata katika gereji walizopangiwa ili kuona wanachofanya. Mwenye gereji moja kando ya Barabara ya Kilwa, baada ya kunisikia nikiwahutubia vijana juu ya thamani ya mashine za zamani, alinivuta pembeni huku akipangusa mikono.

“Mwalimu, kwa hayo mapenzi yako, kuna mzee huko nyuma ana gari linakungoja. Limekaa mpaka limeota mizizi.”

Nilikwenda nikiwa na shaka. Jioni niliondoka bila shaka hata moja.

Lilikuwa gari la spoti la Kijapani, la milango miwili na siti mbili, lililotengenezwa kabla mama yangu hajavunja ungo. Boneti lake lilikuwa refu, limetangulia mbele kama shingo ya mnyama anayenusa njia. Taa zake za mviringo zilikuwa zimezama ndani ya mashimo yake, na paa liliteremka taratibu hadi nyuma bila kukatika popote. Rangi ya chungwa ilikuwa imepauka na kufanana na tofali la kuchoma. Liliegeshwa ubavuni mwa nyumba, chini ya mabati, matairi yamelala chapa, na juu ya boneti palikuwa na ungo wa dagaa waliotandazwa wakauke. Nilichungulia ndani. Geji zote zilikuwepo, usukani wa mbao ulikuwepo, na kwenye siti ya dereva palikuwa na kuku aliyeatamia, akanikazia macho kwa dharau ya mwenye nyumba.

“Usimguse huyo,” mzee aliniambia akiwa kwenye kiti chake. “Ndiye dereva wa sasa.”

Alikuwa karani wa mizigo enzi zake. Gari alilinunua kwa mkandarasi mgeni aliyekuwa akirudi kwao, na kwa miaka mingi lilikuwa gari pekee la mtaa mzima. Aliniambia kwamba mabibi harusi wengi wa Mtoni walipelekwa kwa waume zao kwa gari lile. Nikamuuliza bwana harusi alikuwa akikaa wapi, maana siti ni mbili.

“Bwana harusi alikuja kwa miguu,” alisema. “Nani alimtuma asinunue lake?”

Binti yake akacheka kidogo bila kuinua kichwa. Ndipo mzee alipoacha mzaha, akashika mkono wangu.

“Kila anayeingia hapa siku hizi anaingia na grainda ya kukatia chuma machoni. Wananiuliza uzito. Mie siuzi kilo, mwanangu. Nitampa mtu atakayelitoa zima.”

Bei aliyoitaja ilikuwa ya mtu asiyetafuta fedha. Nami nikaahidi.

Sikununua siku ile. Nilisema nitalichunguza kwanza, kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu: usinunue chombo kabla hujalala chini yake. Lakini moyoni nilikuwa nimeshalipeleka Madale. Nilikuwa nimeshajenga banda juu ya ule msingi, nimeshawakusanya vijana waliomaliza chuo na kukosa kazi, tumeshaifungua injini na kupanga vipande vyake juu ya turubai. Gari kamili barabarani halikuwa jambo kubwa kwangu. Nilichokitaka ni ile miezi ya kazi ya pamoja, na vijana kuona kwamba kinachoitwa takataka mara nyingi ni kitu kilichokosa mtu wa kukivumilia.

Safari ya pili nilikwenda na futi kamba. Nilitaka kujua tutalitoaje, na hapo nikakutana na jambo ambalo siku ya kwanza, kwa kulitazama gari tu, sikuliona. Gari halikuwa na njia. Mbele yake palikuwa na ukuta wa jiko la jirani. Kushoto ilikuwa nyumba, kulia uzio wa matofali wa mtu mwingine, na nyuma ua na choo. Kilichobaki ni kichochoro kilichopinda kati ya jiko na uzio, upana wake ukiwa mdogo hata kwa bajaji.

“Mzee, liliingiaje hapa?”

“Kwa barabara,” alijibu. “Hapo ulipo umesimama barabarani.”

Akanieleza pole pole, bila majuto. Eneo lote lile lilikuwa lake. Watu walikuja na shida zao naye akawakatia vipande, huyu kwa fedha, yule kwa undugu, mwingine kwa sababu alikuwa amefiwa na ana watoto. Kila aliyejenga, mzee alimwambia jambo moja tu: aache njia ya jeneza. Huo ndio ulikuwa utaratibu wao. Kabla ya msingi kuchimbwa, wanaume wawili walisimama bega kwa bega na ubao mabegani, wakatembea kutoka mlango wa kila nyumba mpaka barabara kubwa, na palipowabana pakaongezwa. Mtu akifa, atoke kwa heshima. Hilo walilihakikisha wote, Waislamu na Wakristo waliokuja baadaye.

“Tulifikiria kila mmoja wetu atakavyotoka,” mzee alisema. “Gari hatukulifikiria. Lilikuwa bado linatembea. Siku ile ukuta wa mwisho unasimama lilikuwa limeharibika, nikasema nitalitengeneza nikipata nafasi, halafu tutaongea na jirani.”

Nilirudi Sinza nikaenda kumweleza rafiki yangu mmoja, fundi mwenye gereji, mtu wa makelele ambaye haamini kwamba kuna kitu kisichowezekana. Alinisikiliza akiwa amelala chini ya gari la mteja, miguu tu ikionekana.

“Ngoja, braza. Unanunua gari au unanunua kesi?”

“Nataka ushauri.”

“Rahisi. Kodi winchi. Tunalinyanyua juu kwa juu, linapita kwenye mapaa ya watu, linashuka Kilwa Road kama malaika.”

“Na winchi yenyewe itaingilia wapi?”

Miguu ilitulia kidogo.

“Winchi tunainyanyua kwa winchi nyingine.”

Nilicheka, lakini kwa kweli nilikuwa nimeanza kuchoka. Mradi ambao kichwani ulikuwa mwepesi ulikuwa unageuka kuwa majadiliano na watu nisiowajua, juu ya kuta ambazo si zangu. Hata hivyo nilikwenda kwa mwenye jiko, kwa sababu niliona kwamba mtu aliyeahidi hana budi kuuliza mpaka mwisho.

Mwenye jiko alikuwa mjane wa makamo anayekaanga vitumbua. Alinipa kigoda kabla sijajitambulisha.

“Karibu, mwalimu. Nimesikia unataka jiko langu.”

“Sitaki jiko, mama. Nataka njia.”

“Ndiyo hiyo hiyo. Njia imo ndani ya jiko.” Akageuza vitumbua kimoja kimoja kabla ya kuendelea. “Mie kipande hiki nilipewa na yule baba nilipofiwa na mume wangu, wakati kila mtu anataka hela mkononi. Akiniambia vunja, navunja leo. Ila aniambie mwenyewe, kwa mdomo wake. Si wewe.”

“Nitaujenga upya ukuta, mama. Nitaujenga vizuri kuliko ulivyo.”

“Sina wasiwasi na ukuta. Nikizima jiko hata kwa siku chache, wateja wangu watahamia kwa yule wa kona, na hawarudi. Kitumbua hakina undugu, mwalimu.”

Nilimweleza mzee maneno yale. Akasema atazungumza na jirani yake. Wiki iliyofuata nilimuuliza, akasema bado. Iliyofuata vilevile. Mimi nami sikumsukuma, kwa sababu nilikuwa na shughuli za mitihani, na kwa sababu kila nilipofika pale nilikuta amani: mzee kwenye kiti chake, mimi nimekaa juu ya matofali ya saruji yaliyopangwa karibu na ukuta, tunazungumza juu ya kabureta na mabibi harusi. Binti yake alinipa chai. Aliniita mdogo wangu, nami nikamwita dada. Hakuniuliza kitu.

Masika ilipoanza nilikwenda asubuhi moja na tochi na bisibisi ndefu ili hatimaye nilale chini ya gari. Mvua ilikuwa ya manyunyu, ua umeshakuwa tope. Nilikuwa nimesimama nyuma ya banda nikivua viatu pale mlango wa nyumba ulipofunguliwa. Walitoka wawili, binti na baba yake, wakielekea chooni.

Sikuwa nimewahi kumwona mzee akitembea. Nilikuwa nimemkuta ameketi siku zote, na kwa kuwa alizungumza kwa nguvu, niliamini ana nguvu. Binti alikuwa amemkumbatia kiunoni kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika mwavuli uliomfunika baba peke yake. Mzee aliweka kiganja chake juu ya ukingo wa paa la gari, akakisukuma mbele kidogo, akapiga hatua, akakisukuma tena. Paa lilipoisha akashika ubavu wa kioo cha nyuma, kisha buti, kisha hapakuwa na cha kushika tena na uzito wote ukamwangukia binti. Hapo ndipo nilipoona kwamba ule ukingo wa paa, katika gari zima lililojaa vumbi, ulikuwa unang’aa.

Walipotoka chooni, nilikwenda kumshika mzee upande wa pili. Tulimrudisha kitini. Binti akanifuata kando ya gari akiwa amelowa, akasimama akijishika mgongo.

“Mwalimu, umeamua?”

“Bado nachunguza, dada.”

“Unachunguza. Haya.” Akatazama matofali. “Hayo unayoyakalia kila ukija, unadhani ni ya nini?”

Sikuwa nimejiuliza.

“Nilifyatulisha mwaka jana. Chumba cha baba, na choo chake humo humo. Uani hakujengeki, kuna shimo. Mbele ni kwa watu. Nafasi iliyopo ni hiyo hapo, chini ya gari. Baba alishakubali, tulishawaita watu wa skrepa waje walikate, tukawapangia na siku. Ukaja wewe na ahadi yako. Sasa nikimwambia, ananijibu, ‘Hilo lina mwenyewe, nimeshaahidiana na mwalimu.’ Ukija unakunywa chai, unaondoka. Na mie ninabaki na hiyo safari ya chooni, asubuhi, mchana na jioni.”

“Ungeniambia, dada.”

“Nikuambie nini? Baba anakusubiri wewe kuliko anavyowasubiri wanawe waliozaliwa humu. Nikikufukuza nitakuwa nani?” Akakamua maji nguoni. “Wiki iliyopita aliteleza pale mlangoni. Hakuumia. Aliniangukia mimi.”

Alilisema bila kulalamika, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kisha akaingia ndani kubadilisha nguo.

Nililala chini ya gari. Nilihitaji kufanya kitu kwa mikono. Upepo wa chumvi umepita mahali pale kwa miaka mingi, na niliposukuma bisibisi kwenye mhimili ulio chini ya mlango ilizama kama inayoingia kwenye muhogo uliooza. Nilijaribu upande wa pili, nikajaribu sakafu, nikajaribu pale injini inapokalia. Chuma chote kilichopaswa kubeba gari kilikuwa kimebaki ganda. Hata jirani angevunja jiko lake, hata tungepata kamba na watu, gari lingejikunja katikati mara tu linapovutwa. Halikuwa na uwezo wa kutoka zima. Nililala pale, matone yakigonga mabati juu yangu, nikawa mtu aliyeahidi jambo ambalo kutu ilikuwa imeshalikataa kabla hajafungua mdomo.

Ningeweza kuondoka hapo hapo na kupiga simu baadaye. Lakini nilikuwa nimetoa neno langu uso kwa uso, na sikuona namna ya kulirudisha kwa simu. Nilisubiri mpaka mvua ikakatika, mzee akaswali Alasiri akiwa kitini, binti akaenda dukani. Nikakaa mbele yake, mara hii chini kwenye mkeka, nikamweleza nilichokiona. Nilimweleza kwa uangalifu, kama daktari.

“Najua,” alisema.

“Unajua, mzee?”

“Mie si ndiye niliyeliacha likaoza? Kuna kipande kilidondoka mwaka jana, nikamwambia binti yangu ni embe limeanguka. Hapa hakuna mwembe, lakini alikuwa na haraka.”

“Basi kwa nini uliniahidisha?”

Kuku alitoka garini, akazunguka, akarudi.

“Kaka yangu alijengewa chumba kule Mbagala,” mzee alisema. “Mwanawe ana uwezo, Mungu amzidishie. Choo humo, televisheni humo, chakula kinaletwa humo. Watu walikuwa wanakwenda kukiangalia kile chumba. Kaka hakuwa mgonjwa hivyo. Alikuwa anatembea kuliko mimi. Lakini ukishapata kila kitu ndani, watu wanakuuliza: unatoka kwenda wapi? Na kweli, unatoka kwenda wapi? Akakaa. Tuliomtoa ni sisi, tumembeba kwenye jeneza.”

Akanyoosha kidole kuelekea uani.

“Ile ndiyo safari yangu niliyobakiwa nayo. Nikienda, jirani ananitania toka jikoni kwake. Naliona wingu. Nasikia nani amegombana na nani. Nikishaingizwa kwenye hicho chumba, basi. Sasa ningemwambia nini mwanangu? Kwamba nataka aendelee kunibeba kwenye tope ili mie nione wingu? Angenionaje? Ulipokuja wewe na mapenzi yako, nikaona afadhali gari liseme badala yangu.”

Nilikuwa nimekwenda pale na dhana iliyopangika vizuri: mzee anapenda gari, mwalimu anaokoa gari. Nilijiona nimeshika upande mmoja wa mlango mzito na kugundua kwamba watu wawili wamekaa nyuma yake, kila mmoja akiusukuma kwa sababu yake, na wote wawili wakiwa na haki. Sikuwa na hekima ya kuwapa. Nilijua tu kwamba kadiri nilivyoendelea kuchunguza, ndivyo mmoja wao alivyoendelea kuvunjika mgongo.

“Mzee, mwambie dada.”

“Mwambie wewe. Wewe ni mwalimu.”

“Hapana, mzee. Nitakaa hapa, lakini utasema wewe.”

Alinitazama kwa hasira ya kweli, na hasira hiyo ilikuwa haki yake. Binti aliporudi na mafuta ya taa na sukari, nilisimama nikampokea mzigo, nikasema kabla sijapoteza nguvu:

“Dada, gari sinunui. Limeoza chini, haliwezi kutoka zima, na mimi sitamzuia mtu mwingine tena. Sasa mzee ana neno.”

Mzee alianza mbali, kwa kaka yake wa Mbagala, akapita kwenye televisheni, akasita, akafika. Binti alisikiliza akiwa amesimama, sukari mkononi. Nilidhani atalia. Alikaa juu ya matofali yake.

“Kwa hiyo muda wote huu mie nabishana na gari.”

Mzee alivua kofia yake, akaivaa tena.

“Baba, ungeniambia. Ningekupigia kelele siku moja, yangeisha.”

“Nilikuonea huruma.”

“Huruma gani hiyo ya kunitembeza kwenye tope?” Akapangusa uso kwa upindo wa kanga. “Chumba nitajenga. Lazima nijenge, mgongo wangu hauwezi tena, na si uongo. Nikianguka mie, atakubeba nani, huyu kuku?”

“Jenga,” mzee alisema. “Ila mlango usitazame ndani ya nyumba.”

“Utazame wapi?”

“Kwa watu.”

Hapo ndipo nilipopata kazi yangu ndogo katika shauri lile. Tuliuchora mchoro upya, mimi na dada, kwenye mgongo wa kalenda: mlango unaofungukia kichochoroni, sakafu isiyo na kizingiti, na bomba la chuma la kushikia linaloanzia kitandani, linapita chooni, na kutoka nje kufuata ukuta hadi mwisho wa nyumba. Bomba nililichomelea mimi. Sikumruhusu fundi mwingine kuligusa.

Siku ya watu wa skrepa nilikuwepo. Mzee aliomba tumpeleke akakae kwa jirani, jikoni, akala vitumbua vingi kuliko inavyomfaa, na kila grainda ilipolia alipaza sauti zaidi akisimulia jambo lingine kabisa. Kuku alihamishiwa kwenye boksi akasusa kutaga. Mimi nilisimama nikitazama boneti likitenganishwa na kile kilichokuwa mwili wake. Ni kweli kwamba sikushika grainda. Niliwahi kujiambia hivyo nikielekea Sinza, nikaona ni maneno ya mwanasheria, nikaacha. Rafiki yangu fundi alinipigia simu kuuliza kama bado nahitaji winchi.

Chumba kimekwisha. Ni chumba kizuri, kina dirisha kubwa na hewa, na binti anapata usingizi. Naandika haya kwa sababu mambo hayakukaa sawa kama mchoro ulivyoahidi. Bomba linafika mwisho wa nyumba, na pale linapoishia bado pana mwendo hadi barabarani, ambako ndiko watu waliko. Kipande hicho kinahitaji mkono wa mtu. Binti sasa amepata kazi, anatoka asubuhi na kurudi jua likizama. Jirani ana karai lake motoni. Mimi naenda baadhi ya Jumamosi, tunatembea taratibu mpaka kwenye duka la kona, tunasimama, anasalimiana na watu, anawauliza wazazi wao hawajambo, tunarudi. Jumamosi nyingine nimechoka, kuna madaftari ya kusahihisha, na kutoka Sinza ni mbali, basi siendi. Ninajua siku hizo anakuwa ameketi kitandani, mlango wazi, amevaa kofia yake tayari.

Sikuombi fedha, msomaji, wala sikuombi unisifu au unilaumu. Ninaomba jambo moja. Kama karibu na kwako kuna mzee aliyejengewa vizuri na mwenye kila kitu ndani, nenda leo alasiri ukabishe hodi. Mpe mkono, mtoke naye mpaka barabarani, kisha umrudishe.